Tawi la Kupumulia

Mwanzoni mwa Julai 2024 nilikuwa shambani kwetu Mbuji, nimefunga kapu kiunoni, nachuma kahawa, redio ndogo ikining'inia kwenye tawi la mbuni, ndipo habari za michezo zikasema Clatous Chama amejiunga na Yanga. Kaka yangu alikuwa mistari miwili mbele yangu. Akasimama. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema bila kugeuka:

"Basi. Na Chama naye wamemtoa."

"Hawajamtoa, kaka. Mkataba umeisha."

"Mkataba ukiachwa uishe, mdogo wangu, umetolewa."

Nikaendelea kuchuma. Baadaye kidogo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Kikao cha timu ni Jumapili?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza zaidi, nami sikusema zaidi. Lakini mfukoni mwa koti langu kulikuwa na karatasi yenye majina matatu ya wachezaji ambao kamati ilitaka waachwe kabla ya ligi ya kata kuanza. La pili lilikuwa jina lake. Mwandiko ulikuwa wangu, maana katibu wa timu nilikuwa mimi.

Nimeahirisha kuandika habari hii kwa muda mrefu. Kila nilipoanza niliona inageuka kuwa makala ya mpira, na mimi si mchambuzi wa mpira. Ila swali lililotugawa nyumbani ndilo lililowagawa mashabiki wa Simba nchi nzima mwaka ule: timu ikiyumba, wakongwe walioipa jina waachwe waende, au wabaki? Naona watu wengi hujibu upesi mno, wa upande huu na wa upande ule. Mimi pia nilijibu upesi.

Kwa asiyeijua Mbuji, ni kata ya Wilaya ya Mbinga, juu kwenye milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma. Wageni hutufahamu kwa Jiwe la Mbuji, ule mwamba mkubwa unaoonekana kama umeshushwa usiku mmoja na kusahaulika. Sisi wenyewe tunajifahamu kwa kahawa, maharage na baridi. Julai ukungu hushuka hadi kwenye paa, na watu huenda uwanjani na makoti. Uwanja wetu uko mgongoni mwa kilima. Mpira ukitoka upande wa bondeni, mtoto mmoja lazima ateremke kwenye mashimo ya ngoro kuufuata, na mechi husimama hadi arudi. Wageni hulalamika sana kuhusu hilo. Sisi tumezoea, na tukiwa tunaongoza tunalipenda.

Kaka yangu aliichezea timu hiyo tangu akiwa kijana wa sekondari. Beki wa kati. Hakuwa na mbio hata alipokuwa na miaka ishirini, ila alikuwa anajua mpira utakwenda wapi kabla mwenye mpira hajajua. Mwaka 2024 alikuwa na miaka thelathini na tisa. Msimu uliotangulia tulifungwa mechi sita, na katika nne kati ya hizo bao lilitoka kwa kijana aliyempita yeye kwa kasi. Hilo nililiandika kwenye daftari la timu kwa mkono wangu, kwa hiyo siwezi kusema sikuliona.

Sasa turudi Msimbazi kidogo, maana kisa chetu kilikuwa kivuli cha kisa kile.

Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Wachezaji wa miaka ile wakawa kama ndugu wa kila nyumba. John Bocco alitoka Azam mwaka 2017, akawa nahodha, na msimu wa 2020/21 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Alikuwa ameshawahi kuwa mfungaji bora msimu wa 2011/12, akiwa Azam, kwa mabao 19. Hebu pima: kati ya tuzo hizo mbili imepita miaka tisa. Chama alikuja 2018, na Desemba ya mwaka ule alifunga bao la dakika za mwisho dhidi ya Nkana lililoivusha Simba hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2019 akaifunga AS Vita dakika ya 90, Simba ikaingia robo fainali. Siku ile, kwenye banda la video hapa kwetu, mzee mmoja alimkumbatia mtu aliyekuwa anamdai fedha.

Halafu upepo ukageuka. Yanga ikachukua ubingwa 2021/22, ikachukua tena 2022/23. Simba ikabaki na majina. Novemba 5, 2023, Yanga ikaifunga Simba mabao 5-1. Kocha Robertinho akaondoka siku chache baadaye. Akaja Benchikha, naye hakumaliza msimu. Mwisho wa ligi Simba ikawa ya tatu, pointi sawa na Azam lakini nyuma kwa tofauti ya mabao, na Ligi ya Mabingwa ikapita mlangoni bila kuingia.

Ndipo kikosi kikafumuliwa. Bocco akaondoka. Akaondoka Saidi Ntibazonkiza, mtu aliyekuwa na miaka 37, ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo alimaliza ligi akiwa kinara wa mabao sawa na Fiston Mayele, kila mmoja na 17. Chama akahamia kwa mtani. Kila siku picha mpya mtandaoni yenye maneno ya shukrani, hadi kwenye vijiwe "kupewa Thank You" likawa neno la kawaida. Mtu akifukuzwa kazi ya kubeba matofali, wenzake wanasema kapewa Thank You.

Wakati ule kijiweni kulikuwa na kambi mbili. Ya kwanza ilisema: mpira ni miguu, historia haifungi bao. Ya pili ilisema: mnamfukuza aliyejenga nyumba ili alale mgeni. Mimi nilikuwa kambi ya kwanza, na nilikuwa na hoja. Niliwaambia wenzangu kwamba mchezaji huachwa mapema kidogo au amechelewa kidogo, siku yenyewe haijulikani, na kati ya makosa hayo mawili heri la kwanza. Wazo hilo si langu. Kule Marekani, kwenye besiboli, lilishikiliwa sana na kiongozi mmoja wa klabu aitwaye Branch Rickey. Kwao timu hubadilishana wachezaji, huyu kwa yule na fedha juu, kama sisi tunavyobadilishana mbuzi na mahindi.

Nilipofuatilia zaidi nikakutana na kisa ambacho kambi yangu haikukitaka. Rickey ndiye aliyemsajili Jackie Robinson, na mwaka 1947 Robinson akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi kuu yao kwa enzi zile za ubaguzi. Alikuwa Brooklyn Dodgers. Alivumilia matusi ambayo mtu wa kawaida asingeyavumilia hata juma moja, na mwaka 1955 timu ikachukua ubingwa wa dunia. Desemba 1956, Robinson akiwa na miaka 37, Dodgers, ambayo wakati huo Rickey alikuwa ameshaiacha, ikamtoa kwa New York Giants, watani wao wa jadi, ikapokea mtupaji mpira mmoja na fedha. Robinson hakwenda. Alikuwa ameshaamua kustaafu, akapata kazi kwenye kampuni ya kahawa.

Nilicheka niliposoma hapo kwenye kahawa. Kisha nikaacha kucheka. Kihesabu, Dodgers hawakukosea: mtu wa miaka 37 alikuwa amemaliza. Lakini leo tunapomtaja Robinson hakuna anayekumbuka jina la yule mtupaji. Tunakumbuka kwamba walimpeleka kwa watani.

Na sisi tuna mfano wa upande wa pili. Juma Kaseja alikuwa langoni mwaka 2003 Simba ilipowatoa Zamalek kwa penalti kule Cairo, tukio ambalo watu wazima wa nchi hii hulisimulia kama vita. Mwaka 2013 Simba haikumpa mkataba mpya. Akaenda Yanga, baadaye akazunguka kwenye klabu ndogo, na wengi tukamhesabu marehemu wa mpira. Mwaka 2019 akaitwa Taifa Stars akiwa na miaka 34. Jijini Nairobi Stars ikaitoa Kenya kwa penalti. Septemba, jijini Dar es Salaam, ikaitoa Burundi kwa penalti 3-0, maana yake wapigaji wa Burundi hawakupata hata moja. Kati ya Cairo na siku ile ilikuwa imepita miaka kumi na sita. Jungu kuu halikosi ukoko.

Kaka yangu alikuwa akiusimulia usiku ule wa Burundi kila alipopata nafasi. Nilidhani anapenda penalti. Sasa naelewa alikuwa anajitetea kabla ya kushtakiwa.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya misa, chini ya mti karibu na ghala la chama cha msingi. Walikuwapo wajumbe saba. Kocha, mwalimu wa shule ya msingi, alisema kwa upole kwamba tuna vijana watatu wa mabeki waliomaliza kidato cha nne, wana mapafu, na wasipocheza mwaka huu wataondoka kwenda kutafuta maisha Songea au Dar. Hiyo ilikuwa hoja nzito. Kijiji kama chetu hakipotezi vijana kwa timu nyingine, kinawapoteza kwa basi la alfajiri. Mzee mmoja akasema wakongwe ndio wanaolipia jezi na nauli ya fuso, na wakiondoka na mifuko yao inaondoka. Hiyo nayo ilikuwa hoja. Wakapiga kura kwa mikono. Watatu waachwe, watatu wabaki. Wote wakanigeukia mimi.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha mpira, kwa mpira wa makaratasi, kwenye ua huu huu. Baba alipofariki ndiye aliyenilipia karo kwa kahawa yake. Msimu mmoja bei ilianguka vibaya, akauza baiskeli na kuniambia ameibiwa. Nilijua ukweli baada ya miaka minane. Nikaiangalia ardhi, nikainua mkono upande wa kuwaacha.

Hadi leo naamini kura ile ilikuwa sahihi. Nasema hivyo ili msomaji asidhani naandika toba ya kura. Kosa langu lilikuja baadaye. Wajumbe walinikabidhi kazi ya kuwajulisha wahusika. Nyumba yangu na ya kaka zimetenganishwa na mgomba na banda la nguruwe. Ningeweza kuvuka kwa hatua arobaini. Badala yake nikaandika tangazo, "Kamati inawashukuru wafuatao kwa mchango wao", nikalibandika kwenye ukuta wa duka, kisha nikapiga picha na kulituma kwenye kundi la WhatsApp la timu. Thank You ya Mbuji. Kaka alilisoma dukani alipokwenda kununua mafuta ya taa, watu wakimwangalia.

Hakunigombeza. Alianza kuniita "katibu". "Habari za asubuhi, katibu." "Katibu, mbuzi wako wameingia kwenye maharage." Miezi mitatu hakuniita mdogo wangu. Mke wake akituma chakula kwangu kama kawaida, lakini mtoto aliyekileta alikuwa na amri ya kutokukaa. Kwa mila yetu ya zamani wanaume wa ukoo walikuwa wanakula pamoja kwa mzee, wanaita sengu, na magomvi yalisemwa pale pale kwenye chakula, mkono ukiwa bado una ugali. Siku hizi kila mtu anakula kwake, na magomvi yanalala kwenye simu.

Agosti akajiunga na timu ya kijiji jirani. Simlaumu. Bocco naye alifanya hivyo. Ilitangazwa kwamba angebaki Simba kufundisha vijana, na ligi ilipoanza watu wakamwona na jezi ya JKT Tanzania. Mtu anaambiwa amezeeka kwenye kikao ambacho hakuwamo, kwa nini asitake kujua mwenyewe, kwa miguu yake, kama ni kweli?

Septemba tukakutana nao, kwenye uwanja wetu. Nilisimama pembeni na daftari. Kwa saa nzima kaka alimweka mshambuliaji wetu mfukoni. Kijana alikuwa anakimbia, na kila alipofika alimkuta mtu amesimama pale pale, hata jasho hana. Wazee pembeni wakaanza kunitazama. Dakika ya sabini na kitu mpira mrefu ukapigwa nyuma yake. Aliuona kabla ya wote, akageuka kabla ya wote, na kijana akampita kama mtu anavyopita mlango ulio wazi. Bao. Uwanja ukalipuka. Kaka alisimama ameshika magoti, ukungu wa pumzi ukimtoka, akaangalia juu, akaniona. Akanitikisia kichwa mara moja. Sikujua maana yake ni nini. Nilifunga daftari, sikuandika mfungaji.

Mechi iliisha 1-1, maana dakika ya mwisho kaka huyo huyo aliunganisha kona kwa kichwa. Kambi zote mbili zilirudi nyumbani na ushahidi.

Novemba, kahawa ikiwa imeshauzwa na mvua zinanukia, alikuja mlangoni na msumeno. "Twende tukate mibuni ya baba," akasema. Hakusema katibu.

Mibuni ile baba aliipanda miaka ya sabini. Ilikuwa mirefu, myembamba, inazaa vichwani tu, na kuchuma lazima uuvute mti kwa kamba. Chulebuni iliipiga kila mwaka wa mvua nyingi. Mara kadhaa tulikwenda kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Ugano na kusikiliza habari za miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, tukarudi bila kuamua. Mimi nilitaka kung'oa yote tupande mipya. Kaka alikuwa hataki iguswe. Ubishi wa timu tulikuwa nao shambani miaka mingi kabla ya timu.

Kukata mbuni mkongwe kuna taratibu zake, na nazieleza hapa maana ndizo zilizonifungua macho. Humkati mzima chini kama kuni. Unalikata shina kiasi cha futi moja kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kidonda. Machipukizi hutoka mengi, unachagua mawili au matatu yenye afya na mengine unayaondoa. Miaka kama miwili hupati kitu. Kwa hiyo mwenye akili hakati shamba lote kwa mkupuo. Anakata sehemu mwaka huu, sehemu mwaka ujao, nyumba isilale njaa. Na kuna jambo moja ambalo nilikuwa nimelisikia bila kulisikiliza: kwenye kila mti unaacha tawi moja la zamani lisikatwe. Haliachwi kwa ajili ya kuzaa. Linaachwa ili mizizi iendelee kulishwa na majani hadi machipukizi yapate nguvu. Tawi la kupumulia. Machipukizi yakishakomaa, na lenyewe linaondolewa.

Tulikata theluthi ya shamba kwa siku mbili. Yeye alikuwa anachagua tawi la kuacha, mimi nasukuma msumeno. Kwenye mti wa tano au wa sita, akiwa ameshika tawi moja lililopinda, akasema, "Hili nalo litakatwa mwakani. Linajua." Kisha akaongeza, "Lakini huliambii kwa karatasi dukani."

Nikamwambia, "Nisamehe, kaka. Niliogopa uso wako."

"Uso wangu ndio uliokulea," akasema, na akahamia mti mwingine. Jioni ile mtoto alileta chakula, akaambiwa akae.

Tangu siku ile siulizi tena kama wakongwe waondoke au wabaki. Kila mti unakatwa, na hata anayekata atakatwa. Nauliza: nani ameachwa kama tawi la kupumulia, na nani amekwenda kumwambia yule anayekatwa?

Ukiitazama Simba ya 2024/25 kwa jicho hilo, utaona kambi zote mbili kijiweni zilikosea kidogo. Simba ilileta damu changa: Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Joshua Mutale, kipa Moussa Camara, na kocha Fadlu Davids. Lakini haikukata shina lote. Shomari Kapombe alibaki. Mohamed Hussein Tshabalala, aliyekuwa hapo tangu 2014, alibaki na kukabidhiwa unahodha. Msimu ule Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu ile ya 1993. Ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, ikatoka sare 1-1 kwenye uwanja wa Amaan, Zanzibar. Ubingwa wa ligi ukabaki Jangwani kwa mara ya nne mfululizo, Chama akiwa na jezi ya kijani. Mti uliokatwa haukuzaa kombe mwaka ule, ila ulichipua, na aliyetarajia zaidi ya hapo hajawahi kulima kahawa.

Katikati ya 2025 Tshabalala naye akahamia Yanga, baada ya miaka kumi na moja. Kijiweni wakaja juu. Mimi nilikumbuka maneno ya kaka kuhusu tawi lililopinda. Sijui lilikatwaje wala nani alimwambia nani, na siwezi kuhukumu nyumba ya mtu. Najua tu kwamba kuachana kwa aina hiyo hakulingani na kuachana kwa mtu wa msimu mmoja, na klabu inayofikiri ni sawa itashangaa siku moja kwa nini vijana wake hawana haraka ya kuipenda. Kijana huona jinsi mkongwe anavyoagwa. Anajipimia sanda yake hapo hapo.

Sisi wa Ruvuma tuna sababu ya kulitafakari hilo. Majimaji ya Songea ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1985, 1986 na 1998. Ilishuka daraja mwaka 2018. Uwanja bado upo na jina bado lipo. Kuna wazee mkoani hapa wanaoweza kukutajia kikosi cha 1986 kwa namba za mgongoni, na hakuna anayewauliza isipokuwa kwenye misiba. Nilikuwa nadhani timu hufa kwa kung'ang'ania wazee. Sasa nadhani zipo pia zinazokufa kwa sababu kati ya wazee na vijana hakuachwa tawi lolote la kupitishia pumzi.

Ngoro zetu zinasema jambo hilo hilo kwa namna yake. Machi tunafyeka nyasi, tunazipanga miraba miraba mlimani, tunazifunika udongo na kupanda maharage juu yake. Desemba yanafuata mahindi. Nyasi za jana zinaozea chini ya maharage ya leo. Mtu asiyejua akipita anaona mashimo tu. Anayejua anaona kwamba hakuna kilichotupwa bondeni.

Kaka yangu alicheza kwa majirani msimu ule mmoja, akatundika daluga mwenyewe, bila tangazo. Siku hizi anasimama nyuma ya goli letu wakati wa mazoezi. Kamati haijampa cheo na yeye hajaomba. Wale mabeki watatu wanamwendea mmoja mmoja, na yeye huwaonyesha kwa kidole mahali pa kusimama. Mmoja wao alishaondoka kwenda Dar kwa basi la alfajiri. Wawili wapo.

Mibuni tuliyoikata imefika kifuani mwangu. Wiki iliyopita tulikwenda kuyaondoa matawi ya kupumulia. Safari hii kaka ndiye aliyeshika msumeno. Kabla ya kukata lile lililopinda aliweka kiganja juu yake kidogo, kama mtu anayemgusa bega mwenzake, kisha akakata. Nikabeba matawi, nikayapanga chini ya miti ile ile, yaoze hapo.